Nawashwa mpaka natamani kusikuche

Safari hii nimepokea barua tatu, zote za kuwashwa, moja ya Moshi na mbili za Arusha. Nimeziweka pamoja kwa sababu ukizifuatilia zote unafika kwenye ini. Mimi ni nesi, nimestaafu, na huu muwasho nimeuona wodini na mwilini mwangu pia, nitasema huko mbele.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni mama wa miaka 47 niko Moshi, Soweto, nauza mitumba Kiboriloni. Toka mwezi wa 11 nawashwa mwili mzima hasa viganja na nyayo. Mchana afadhali, wateja wakija nasahau, ila ikigonga saa tatu usiku ndo linaanza najikuna mpaka damu. Tuliona ni upele tukapaka BBE familia nzima, mashuka nikachemsha nikaanika juani, wapi. Nikanunua piritoni, nikawa nasinzia juu ya meza ya nguo na huku bado nawashwa. Nilipoenda kituo cha kwanza waliniambia nibadilishe sabuni. Mwezi wa 4 hospitali nyingine ndo wakapima damu wakasema ni ini, vimirija vya nyongo vinashambuliwa na kinga yangu mwenyewe, wakanipa vidonge vya urso vya 250, kimoja asubuhi kimoja usiku, uzito wangu kilo 71. Kwenye karatasi waliandika jina lina neno sirosisi, mwanangu akasoma kwenye simu akaanza kulia. Dada mi sijawahi kunywa hata mbege ya kuonja harusini, lakini wifi yangu ameshanitengea kikombe na sokoni wanasema wanayoyajua wao. Mume wangu analala chumba cha watoto sasa, sio kwa ubaya, ni dereva na saa kumi na moja anatakiwa awe stendi, anasema sauti ya kukuna haimpi usingizi. Mgongo najisugua na gunzi la mahindi. Miezi mitatu ya vidonge muwasho uko palepale. Kuna usiku natamani kusikuche.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanzia pale ulipomalizia, kwa sababu hapo sipiti haraka. Nimekaa zamu za usiku miaka mingi na nimewaona wenye huu muwasho, mwenye maumivu unamchoma sindano anapumzika lakini huyu anakaa kitandani macho wazi mpaka jogoo, kesho hivyo hivyo, na mtu asiyelala tangu mwezi wa 11 hata moyo unachoka. Leo leo mwambie mume wako maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, usiyapunguze. Na siku ukiona wazo la kujidhuru linakuja, usikae nalo peke yako kusubiri asubuhi, mwamshe mtu mwende hospitali usiku huohuo, hiyo ni dharura sawa na kutapika damu.

Na kwa daktari pia sema. Sisi tukiulizwa unaendeleaje tunajibu namshukuru Mungu, basi naye anaandika mgonjwa anaendelea vizuri na anaita mwingine. Safari hii sema silali. Chukua lile daftari unaloandika madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma kila asubuhi andika namba, 0 ni sijawashwa kabisa na 10 ni usiku wa kutaka kujichuna ngozi, na uandike umelala saa ngapi. Ukifika na kurasa mbili za namba, daktari hawezi kukwambia badilisha sabuni.

Sasa kwanini BBE haikufanya kitu. BBE inaua wadudu wa upele na wewe huna wadudu. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inapita kwenye vimirija inaenda kwenye utumbo kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Kwako vimirija vidogo vya ndani ya ini vinashambuliwa na kinga ya mwili, nyongo inapita kwa kusuasua, na vile vitu vilivyotakiwa kutoka nayo vinabaki kwenye damu vinachokoza neva za ngozi. Yaani muwasho unatoka ndani. Ndo maana ukiangalia ngozi huoni upele, unaona tu michubuko uliyojiwekea mwenyewe, na ndo maana unaanza viganjani na nyayoni na unapanda usiku, huu ndo mwendo wake hasa. Piritoni inapambana na histamini, ile ya mzio na ya kuumwa na nyuki, na hapa histamini sio mkosaji mkubwa, kwahiyo piritoni inakulaza tu, muwasho inauacha.

Kitu kingine nataka ukishike na umwambie mwanao: ukali wa muwasho haupimi ubovu wa ini. Kuna watu ini lao bado lina nguvu kabisa na wanawashwa kama wewe, na kuna ambao ini limechoka hawawashwi hata kidogo. Kwahiyo usiku ukiwa mbaya usijihesabie siku.

Na hilo neno sirosisi. Sirosisi ni ini kuwa na makovu na kuwa gumu. Ugonjwa wako, kwa kifupi unaitwa PBC, zamani ulibandikwa hilo neno kwenye jina lake, mwaka 2015 wataalamu wakalitoa wakaweka neno lenye maana ya kuvimba kwa mirija ya nyongo, kwa sababu wagonjwa wengi hawana sirosisi wanapogundulika na lile jina lilikuwa linawaumiza, watu wanafikiri ni ulevi. Karatasi yako imeandikwa jina la zamani tu. Ugonjwa huu hauhusiani na pombe, mbege umeonja hujaonja ni mamoja. Unawapata zaidi wanawake, kama 9 kwa kila wagonjwa 10, wengi wa umri wako. Wala hauambukizi, kwa hiyo wifi akurudishie kikombe chako, tena mwambie hata homa ya ini B ambayo yenyewe inaambukiza inapita kwenye damu na ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kikombe cha chai hakihusiki.

Tuje kwenye dawa, hapa soma taratibu. Urso kazi yake ni kulilinda ini lisiendelee kuharibika na ni dawa nzuri, usiiache. Ila kwa muwasho peke yake haina uhakika, wengi wanaimeza vizuri na bado wanajikuna. Halafu kuna jambo nimeliona kwenye barua yako nikapiga hesabu mara mbili. Kwa ugonjwa wako urso inatolewa kwa uzito, miligramu 13 mpaka 15 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 71 mara 13 ni 923, mara 15 ni 1065. Wewe unameza 500. Inawezekana walianza na kidogo ili wapandishe baadaye, inawezekana wamesahau kukupima uzito, sijui na simlaumu mtu, ila usijiongezee mwenyewe, beba hii hesabu mpelekee daktari umuulize dozi yangu inatosha?

Ya muwasho wenyewe, ya kwanza huwa ni kolestiramini. Ni unga wa kwenye pakiti, unakoroga kwenye maji au juisi, unaingia utumboni unazikamata asidi za nyongo zinatoka na choo. Mara nyingi wanaanza na gramu 4 na mwisho gramu 16 kwa siku. Pakiti moja inywe kabla ya kifungua kinywa na nyingine baada yake, kwa sababu usiku kucha nyongo inajikusanya kwenye mfuko wake na ukila asubuhi ndo inamwagika kwa wingi. Haina utamu wowote, inafunga choo na kujaza gesi, kunywa maji mengi, na uipe kama wiki mbili kabla ya kusema haifanyi kazi. Kosa ambalo watu wanafanya ni kuibugia pamoja na dawa nyingine zote. Huu unga haubagui, unakamata na urso yako, unakamata na dawa ya presha kama unayo, vyote vinaishia chooni. Acha masaa 4 katikati. Kabla ya kupanda daladala piga simu famasi uulize kama ipo, usije ukazunguka mji mzima na miguu inayowaka moto.

Ikishindikana, daktari anaweza kufikiria rifampisini. Utashtuka kwa sababu huku kwetu ukisema rifampisini mtu anasikia TB, na ukisema TB anasikia Kibong'oto, ile hospitali ya TB. Ni dawa ileile, lakini kwa muwasho wa nyongo wanaanza na dozi ndogo, miligramu 150, na haivuki 600 kwa siku, na wapo walioanza kulala baada ya siku chache tu. Mkojo utakuwa rangi ya chungwa, usiogope. Cha kuogopa ni kwamba kwa baadhi ya watu inaliumiza ini lenyewe, kwahiyo lazima damu ipimwe kabla na baada ya wiki chache, na wahakikishe kwanza huna TB, maana mwenye TB akipewa rifampisini peke yake vijidudu vinaizoea. Inavuruga pia vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV, usifiche unachomeza. Na nakuomba sana usije ukaomba vidonge kwa jirani anayetibiwa TB! Vile ni mchanganyiko, ndani yake kuna dawa nyingine zinazoweza kulichoma ini lako vibaya.

Baada ya hapo kuna naltreksoni, na kuna sertralini ambayo kazi yake ya siku zote ni sonona, ila kwa miligramu 75 mpaka 100 inapunguza huu muwasho. Ukiandikiwa hiyo usidhani daktari amekuona umechanganyikiwa. Kuna na dawa mpya za kuzuia asidi za nyongo zisirudi mwilini kutoka kwenye utumbo, Marekani waliruhusu mbili mwaka 2021 kwa watoto wenye magonjwa fulani ya nyongo. Ninachotaka uelewe ni kwamba hii ni ngazi, ukiambiwa hii imeshindikana uliza inayofuata ni ipi. Hapo Moshi mna hospitali ya KCMC, na kile kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kiko palepale tangu 1992, daktari wa ngozi wa kweli akiona mtu anawashwa mwili mzima na ngozi haina kitu anajua kuuliza habari za ini, kwahiyo ukikwama kwa mmoja omba upelekwe kwa mwingine.

Nyumbani. Lile gunzi leo liende jikoni kuwashia moto. Najua linavyostarehesha, kwa dakika mbili unasikia raha mpaka machozi, halafu ngozi inachubuka, inavimba, inawasha maradufu, na kucha zikiingiza uchafu unapata na usaha. Dodoki nalo hivyohivyo. Kucha kata mpaka mwisho. Badala ya kukuna, bonyeza, chukua kitambaa cha pamba, kichovye kwenye maji ya baridi, kamua, weka juu ya panapowasha ukandamize na kiganja mpaka uhesabu mia, halafu paka mafuta mazito yasiyo na marashi wakati ngozi bado ina unyevu. Ukipata mafuta ya menthol ni mazuri zaidi, na kama jirani ana friji mwombe akuwekee kopo, yakiwa baridi yanatuliza. Maji ya moto ndo adui yako. Najua mwezi wa saba Moshi mlima umejifunika na baridi inaingia kwenye mifupa, kila mtu anataka maji ya kuunguza, wewe oga ya uvuguvugu tena haraka, na blanketi zito lisikuguse, tanguliza khanga mbili laini mwilini ndo blanketi lije juu. Mitumba pia, zile nguo za sufu na za plastiki wauzie wengine, wewe vaa pamba.

Shubiri kupaka sio mbaya. Kunywa, hapana. Wanaouza chupa za "kusafisha ini" pale stendi hawajui ini lako, na kuna watu wameumizwa ini na dawa za mitishamba wakiwa wanatafuta nafuu.

Na mumeo, umeandika sio kwa ubaya na nakuamini. Aje kliniki safari ijayo asikie mwenyewe kwa daktari. Halafu usiku kabla hajaenda chumba cha watoto akukandamizie nyayo na kile kitambaa, dakika kumi tu, mikono ya mtu mwingine inabonyeza bila kukuna, yako mwenyewe itakusaliti.

SWALI: Dada habari, mi niko Ngaramtoni nina mimba ya wiki 33 ya kwanza. Wiki ya pili hii viganja na nyayo vinawasha usiku balaa, upele hakuna. Mama mkwe anasema ni nywele za mtoto. Kliniki yangu ni baada ya wiki mbili, nisubiri?

JIBU: Usisubiri mama. Nenda kesho asubuhi, na kama mtoto amepunguza kucheza nenda sasa hivi, usiku huuhuu.

Mimi mimba yangu ya pili niliwashwa hivyohivyo. Nilikuwa nesi tayari, nimevaa sare, na nilipokwenda kusema nikaambiwa ni ngozi inavutika, mimba ndo zilivyo, paka mafuta. Nikapaka wiki tatu nzima. Nilikuwa nakaa usiku sakafuni, miguu kwenye beseni la maji, najiona mdekaji. Aliyenisaidia ni mkunga mmoja wa makamo, alinikuta nasugua viganja kwenye ukingo wa meza ya dawa akauliza, usiku inazidi? Nikasema ndiyo. Akachukua damu palepale, majibu ya ini yakaja yamepanda. Mtoto alizaliwa mapema kwa mpango wa madaktari, leo ni mtu mzima ana watoto wake, na muwasho uliondoka kabla sijamaliza wiki mbili za uzazi. Nikikumbuka zile wiki tatu bado nasikia uchungu, kwa sababu niliamini mafuta.

Mimba kwa baadhi yetu inafanya nyongo izubae kwenye ini, mara nyingi miezi mitatu ya mwisho. Kwa mama ni usumbufu, kwa mtoto ndo kuna hatari, maana asidi za nyongo zikipanda sana kwenye damu, zikifika 100 na kuendelea, uwezekano wa mtoto kufia tumboni unaongezeka, na kwa huyo madaktari huwa wanapanga azaliwe kwenye wiki ya 35 au 36. Chini ya hapo hatari ni ndogo na mnaweza kusogea mbele kwa kupima mara kwa mara. Kwahiyo waambie unataka kipimo cha ini na cha asidi za nyongo, cha pili kisipokuwepo hapo waulize wapi kipo, Arusha mjini sio mbali. Mama mkwe mwitikie kwa heshima, halafu panda gari uende. Na ukishajifungua weka kumbukumbu hii kwenye kadi yako, maana kwenye mimba nyingine muwasho unaweza kurudi, na hata vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuuamsha, mwambie anayekupangia.

SWALI: Baba yetu ana miaka 68, tuko Usa River. Macho yamekuwa manjano kama binzari, anawashwa, amekonda, choo chake cheupe kama udongo wa kupakia ukuta na mkojo kama chai ya rangi. Haumwi tumbo kabisa. Ana chungu cha mizizi amepewa wiki ya nne.

JIBU: Mpelekeni wiki hii, chungu kibaki nyumbani. Choo kupauka na mkojo kuwa mweusi maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo, kuna kitu kimeziba mrija mkubwa. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa uvimbe kwenye kongosho au kwenye mrija wenyewe, na kutosikia maumivu kwa mtu wa umri huo anayekonda hakunipi amani hata kidogo. Mizizi haizibui mrija. Atahitaji ultrasaundi ya tumbo kwanza, kisha huenda sitiskani, na kuna njia ya kupitisha mpira mdogo unaoachwa ndani ili nyongo ipite, mrija ukifunguka muwasho unaondoka ndani ya siku chache, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe hauponi, na mzee kulala usingizi ni jambo kubwa.

Akipata homa na kutetemeka msingoje asubuhi, hiyo ni nyongo iliyoziba imeingiwa na vijidudu.